Ngamia Nyuma ya Kengele

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nne mwezi wa sita, saa nne na robo asubuhi, pale mwalimu wa hesabu alipobandika chati mbili kwenye ukuta wa darasa la saba. Kabla ya saa hiyo binti yangu alikuwa na rafiki. Baada yake alikuwa na mshindani, na mimi nilikuwa na mtoto anayesukuma sahani pembeni.

Asubuhi yenyewe ilianza kama nyingine zote. Mimi ni dobi. Chumba cha nyuma tunalala, chumba cha mbele ni cha kazi: meza ya kupigia pasi, ndoo, kamba za kuanikia, na mashati ya watu wenye vyeo yakiwa yamekunjwa vizuri kuliko maisha yangu. Binti yangu huamka, huchota maji, hunyunyizia nguo ili zipate unyevu, kisha hunywa chai amesimama. Tangu mama yake afariki amejifunza kazi ambazo mtoto wa umri wake hakupaswa kuzijua. Shuleni wanamwita Dobi Mdogo. Wengine humwita hivyo kwa mapenzi, wengine kwa kumchokoza.

"Baba, leo ndiyo siku yenyewe," aliniambia akifunga viatu. "Mwalimu anachagua chati moja. Mwenye chati ndiye atakayeieleza mbele ya bodi ya shule."

"Na hao bodi watakupa nini?"

"Si mimi, baba. Watatengeneza madawati kwa kuifuata. Nilikwambia juzi, ukaitikia 'mhm' kama kawaida yako."

"Niliitikia kwa sababu bodi hiyo nimeisikia ikiahidi tangu una meno ya utotoni."

Alicheka, akatoka mbio.

Ahadi nazijua mimi. Paa la madarasa ya katikati, la tatu, la nne na la tano, lilikuwa limebomoka. Wakubwa walikuja, wakatazama juu, wakasema litatengenezwa. Halikutengenezwa. Watoto wa madarasa hayo wakahamishiwa jengo la kukodi ng'ambo ya barabara, na shuleni wakabaki wadogo wa darasa la kwanza na la pili, pamoja na wakubwa wa la sita na la saba. Madawati nayo yalikuwa yamekwisha. Wadogo waliandikia magotini, wameketi sakafuni, na sare zao nilizifua mimi, kwa hiyo najua sakafu ile ina vumbi la namna gani.

Safari hii mbao zilipatikana kweli. Mwalimu wa hesabu, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo na macho makali, akawaambia wanafunzi wake: "Badala ya seremala kukisia, tufanye utafiti. Pimeni watu, mtuonyeshe wametawanyikaje."

Binti yangu akaamua kupima miguu, kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, shule nzima, ili ijulikane kiti kiwe na kimo gani. Aliyemsaidia ni Tausi, jirani yetu, binti wa fundi cherehani. Jina la Tausi alipewa na wenzake kwa unadhifu wake, na unadhifu huo ulitoka kwa mama yake, aliyemsuka, aliyemshonea, aliyemkagua kucha kila asubuhi mlangoni. Tausi ndiye aliyesoma tepu na kutaja namba. Binti yangu ndiye aliyeandika. Yeye Tausi chati yake ilikuwa rahisi zaidi: urefu wa mikono ya darasa la saba peke yake.

Yaliyotokea darasani niliambiwa baadaye.

Mwalimu alianza na chati ya Tausi. "Kila nukta nyekundu ya karatasi ni mtoto mmoja," alisema. "Ametundikwa juu ya urefu wa mkono wake. Mnaona umbo gani?"

Nukta zilianza chache kushoto, zikapanda, zikajazana katikati, zikashuka taratibu kulia.

"Kengele!" darasa likaitikia.

"Ndiyo. Vitu vingi hutawanyika hivi. Wafupi sana wachache, warefu sana wachache, wengi katikati. Nikifumba macho nikamgusa mmoja wenu begani, uwezekano mkubwa nitakuwa nimemgusa mtu wa katikati."

Makofi yakapigwa. Mama yake Tausi, aliyekuwa ameleta mapazia ya ofisi, alikuwa amesimama mlangoni. Akapaza sauti bila haya: "Mwanangu huyo! Huyo mwanangu!"

Kisha wakatazama chati ya pili. Nukta zilipanda kwenye sentimita thelathini, zikashuka, zikawa karibu hakuna kwenye thelathini na tano, halafu zikapanda tena kwenye thelathini na tisa. Vilima viwili na bonde katikati.

Mara sauti moja ikatoka nyuma: "Ngamia wa nundu mbili!"

"Dobi Mdogo kaleta ngamia darasani!"

"Mwalimu, tumtafutie maji, katoka mbali huyo!"

Wakacheka hadi wengine wakalalia mikono yao. Mwalimu aliwanyamazisha, akamgeukia binti yangu. "Hatujui kama ni makosa. Rudia kupima. Yakitoka vilevile, uniambie kwa nini kuna vilima viwili. Hiyo 'kwa nini' ndiyo utafiti wenyewe."

Lakini mwalimu mkuu alikuwa akipita. Akachungulia, akacheka naye. "Kitabuni kuna kengele, mwalimu. Mimi siwezi kupeleka ngamia kwa bodi." Akaenda zake. Mtu mzima, ana ofisi, ana mhuri, na hilo ndilo alilopata kumwambia mtoto.

Binti yangu hakusikia habari ya kurudia wala habari ya "kwa nini". Alisikia kicheko, na alisikia yule mama mlangoni.

Siku ile alirudi nyumbani peke yake. Tausi alipita, akaita dirishani, "Dobi Mdogo, twende kesho tukapime tena, nitashika tepu," binti yangu akajibu kwamba ana kazi. Hakuwa na kazi. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama ukuta.

"Tausi ana bahati," alisema baadaye. "Hata nukta zake zimekatwa kwa mkasi wa mama yake. Zimekuwa duara. Zangu zina pembe."

"Nukta ni nukta, mwanangu."

"Wewe huoni, baba."

Nilikuwa naona sana. Ukuta wetu na wao ni mmoja. Jioni namsikia baba yake Tausi akimtania mkewe, mkewe naye akimjibu, wote wawili wanacheka, na mimi nakandamiza pasi juu ya kola ya mtu mwingine kana kwamba kola ndiyo iliyonikosea. Nani wa kumfundisha mtoto wangu asione kijicho? Ningemwambia nini, na mimi mwenyewe nilikuwa nausikiliza ukuta?

Jumatano mwalimu wa hesabu aliitwa kwenye semina, kama wanavyoitwa siku zote wale wanaohitajika darasani. Alhamisi jioni binti yangu akatandaza chati yake juu ya meza yangu.

"Baba, gundi imekauka na nukta nyingine zimekaa vibaya. Niwekee kitambaa kibichi, upitishe pasi juu, nizibandue."

"Umesharudia kupima?"

"Nimerudia," akasema, na akainama kutafuta kitu sakafuni.

Gundi yenyewe ilikuwa ya unga, haina ubishi. Niliweka kitambaa, nikapitisha pasi, mvuke ukapanda, nukta zikalegea moja moja kama magamba. Nikafurahi kuona ana bidii. Nilimwacha akizihamisha kwa ncha ya kisu, nikaenda kuanua nguo. Niliporudi chati ilikuwa imependeza. Wale watoto wa pembeni, wadogo kwa wakubwa, alikuwa amewavuta wengi katikati. Ilikuwa kengele, tena iliyolingana kuliko ya Tausi. Hakuwa amempima hata mtoto mmoja, ila hilo nilikuja kulijua baadaye.

Ijumaa mwalimu mkuu aliipokea, akasema, "Sasa hii ni chati," na bila kumsubiri mwalimu wa hesabu akaipeleka kwa seremala. Tausi na Dobi Mdogo wataieleza pamoja mbele ya bodi, akasema, kwa kuwa mmoja aliandika na mwingine alisoma tepu. Binti yangu alinuna hata kwa hilo. Alitaka asimame peke yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda shuleni kupeleka mashati ya mwalimu mkuu. Nilikuta wanafunzi wamepanga mstari uwanjani. Seremala alikuwa amebeba dawati moja jipya, linanukia mbao, na mwalimu wa hesabu alikuwa amerudi.

"Mwalimu mkuu," seremala alikuwa akisema, "chati yako inaniambia nitengeneze kimo kimoja, cha katikati, kwa karibu wote. Sawa. Lakini mimi nikishakata mbao sina dawa ya kuirefusha. Watoto walikalie hili kwanza, mengine ndiyo nikate."

"Ni kupoteza muda," mwalimu mkuu akasema.

"Hautapotea mwingi," mwalimu wa hesabu akasema. "Nitafumba macho, nitapita kwenye mstari, nitakayemgusa akalie."

Akafumba macho. Akamgusa wa kwanza, katoto ka darasa la kwanza. Kakapandishwa. Miguu ikaning'inia kama soksi kwenye kamba.

"Shuka, baba. Mwingine."

Wa pili alikuwa wa darasa la saba. Alipojaribu kuingia, magoti yaligonga ubao wa juu, dawati zima likanyanyuka. Watoto wakacheka. Wa tatu akaning'inia. Wa nne akaning'inia. Wa tano akagonga akasema "Aa!" Mwalimu aliendelea mpaka watoto kumi, na hakuna aliyeenea hata mmoja. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

Mwalimu akafumbua macho, akaitazama chati mkononi mwa seremala. "Kwa chati hii, kati ya watoto kumi, saba hivi wangeenea. Wangeweza kuwa watano, au wanane, bahati hupanda na kushuka. Lakini asienee hata mmoja? Ama bahati inatutania leo, ama chati inatudanganya. Na bahati huwa haina utani mrefu hivi."

"Nani alisoma tepu?" mwalimu mkuu akauliza kwa ukali.

Tausi akainua mkono.

"Basi wewe ndiye uliyevuruga. Mbele ya bodi hutakwenda."

"Lakini mwalimu, nilisoma sawasawa! Kila mtoto nilimsoma mara mbili!" Sauti yake ikakatika. Akamgeukia rafiki yake. "Dobi Mdogo, waambie. Si ulikuwepo?"

Nilimtazama binti yangu, na niliona kitu ambacho sikukipenda. Alifurahi. Furaha yenyewe ilikuwa ndogo, ilipita usoni kama mtu anayekatiza dirishani, lakini niliiona. Halafu uso ukajikunja na akatazama chini. Tausi alikuwa analia mbele ya shule nzima, yeye yuko kimya.

Nami, badala ya kujiuliza, nikalipuka. Hasira yangu kwa wakubwa huwa haihitaji kibiriti.

"Mwalimu mkuu, acheni kubebesha watoto mizigo yenu! Paa limewashinda, madawati yamewashinda, sasa mnatafuta katoto ka kukalaumu! Kama kuna makosa ni ya kwenu ofisini. Chati ya binti yangu ni safi. Nimeiona kwa macho yangu. Nimeipiga pasi mwenyewe!"

Uwanja mzima ukanigeukia.

"Umeipiga pasi, mzee?" mwalimu wa hesabu akauliza taratibu. "Samahani. Chati inapigwa pasi kwa ajili gani?"

Nikamtazama mwanangu.

"Baba, acha," binti yangu akasema. Alitoka kwenye mstari akaja mpaka mbele. "Ni mimi. Tausi alisoma vizuri. Mimi ndiye niliyezihamisha."

Aliichukua chati kutoka kwa seremala, akaiinua juu, jua likapita nyuma yake. Mvuke wa pasi ulikuwa umeiyeyusha rangi ya zile nukta kidogo, na kila zilipobanduliwa zilikuwa zimeacha alama za waridi. Nyuma ya kengele nyekundu ilionekana michoro hafifu ya vilima viwili.

"Ngamia yupo hapa, mwalimu," akasema. "Sikupima tena. Nilitaka tu ifanane na ya Tausi. Ipite ya Tausi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu alianza kusema kuhusu adhabu, mwalimu wa hesabu akamwomba subira kwa mkono.

"Nilikuuliza swali Jumanne ile," alimwambia binti yangu. "Kwa nini vilima viwili?"

Binti yangu alifuta pua. Alitazama ule mstari wa watoto, wadogo kabisa halafu ghafla wakubwa. Alitazama na lile jengo lisilo na paa. "Kwa sababu wa katikati hawapo," akasema polepole. "Wako ng'ambo ya barabara."

"Ndivyo. Chati yako ya kwanza ilikuwa sahihi, tena ilikuwa imegundua jambo ambalo sisi watu wazima tulipita tukiliona kila siku bila kulifikiria. Hapa kimo cha wastani ni cha watoto ambao hawapo. Kengele ya Tausi ni ya kweli kwa sababu alipima darasa moja. Ngamia wako alikuwa wa kweli kwa sababu ulipima shule hii. Ulikuwa na ukweli mkononi, mwanangu, ukauyeyusha kwa mvuke kwa sababu haukufanana na wa mwenzako. Na kidogo tu tungekata mbao zote, hawa wadogo wangeendelea kuandikia magotini." Akawageukia wengine. "Wivu hauanzi na ubaya. Unaanza mtu anapotazama sana cha mwenzake mpaka akasahau kukitazama chake. Aliye mkweli hahitaji takwimu zake zipendeze. Anahitaji ziwe zilivyo, halafu aulize kwa nini."

Mwalimu mkuu alikohoa. Hakumwomba Tausi radhi. Watu wa aina yake sijui radhi huwa wanaombea wapi. Alisema tu kwamba Tausi atakwenda mbele ya bodi na binti yangu hatakwenda. Kwa hilo la pili sikuwa na ubishi.

Nilikuwa naondoka nilipowasikia wasichana wawili nyuma ya tanki la maji.

"Ulijua, ukaniacha nilie," Tausi alisema.

"Nilijua."

"Kwa nini sasa?"

Halafu sauti ya mwanangu, ndogo kabisa: "Mama yako alisimama mlangoni akasema, 'Mwanangu huyo.'"

"Si ungesema tu? Mama yangu ana sauti ya kututosha wote wawili. Muulize baba yangu," Tausi akasema.

Nikasikia mmoja amecheka huku akilia. Sikujua ni yupi, na sikutaka kuchungulia.

Walipima upya shule nzima, safari hii binti yangu akisoma tepu mbele ya wote na Tausi akiandika. Vilima viwili vikatoka tena, palepale. Tausi akamweleza ngamia kwa bodi vizuri, akasema chati ni ya rafiki yake. Seremala akatengeneza madawati ya aina mbili, mafupi na marefu, na machache ya kimo cha kati kwa ajili ya siku wale wenzao watakaporudi kuvuka barabara, kama watarudi. Siku ya kuyapokea nilikwenda kuona. Watoto wa darasa la kwanza walikanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, wakawa wanazikanyagisha makusudi, dap, dap, kwa furaha.

Afisa kutoka ofisi ya elimu naye alikuja, shati lake nilikuwa nimelipiga pasi mimi. Alisifu kila kitu. Kisha akasema kwamba kwa shule zilizobaki ofisi imekwisha kuagiza madawati, maelfu, yote ya kimo kimoja, kwa kufuata mwanafunzi wa wastani wa wilaya nzima. Watu wakapiga makofi. Katikati ya makofi binti yangu akainua mkono. Mwalimu mkuu alimtikisia kichwa kwamba ashushe, hakushusha. Afisa akatabasamu, akamwambia aulize.

Aliuliza kwa heshima, mikono nyuma. Afisa aliangalia saa yake, akasema ni swali zuri, akaahidi kulipeleka kwa wahusika, akaingia garini. Muhula umekwisha, mwingine umeanza, na madawati yanaendelea kupakiwa. Mimi kila nikiletewa shati la afisa huyo nampelekea salamu na swali lile lile:

"Samahani, mheshimiwa, huyo mwanafunzi wa wastani anasoma shule gani?"